Lami ikifika mtaani, huduma nyingine nazo zitafika?

Mwalimu wa Nansana aliuliza:

Wapendwa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Arua, na kwa miaka kumi na moja sasa naishi Nansana, pembezoni mwa Kampala, Uganda, kando ya barabara ya Hoima. Wiki iliyopita mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la mtaa, alituita mkutanoni, akiwa amefuatana na maofisa wawili wa manispaa waliobeba mchoro mkubwa wa barabara inayokusudiwa kupita mtaani kwetu. Walitueleza kwamba fedha zinatoka katika mpango wa serikali wa kuendeleza miji ya Kampala na viunga vyake, ule unaounganisha mamlaka ya jiji la Kampala, wilaya za Wakiso, Mukono na Mpigi, na manispaa za Entebbe, Kira, Makindye-Ssabagabo, Mukono na hii yetu. Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 566 mwaka 2022, na katika hizo milioni 48 tu ndizo ruzuku. Zilizobaki ni mkopo ambao watoto ninaowafundisha watakuja kuulipa.

Nimefurahi, wala sitaki kuificha furaha hiyo, kwa maana msimu wa mvua unapoanza wanafunzi wangu hufika darasani wamebeba viatu mkononi. Hata hivyo nina hofu yenye sababu. Miaka michache iliyopita mkandarasi mmoja alikuja kuichonga barabara hii hii na kuimwagia marram, ule udongo mwekundu wa changarawe. Katapila lake likakata bomba la maji, tukakaa wiki tatu tukinunua maji kwa jerikeni, na mfereji aliouchimba ukaishia ukutani kwa jirani yangu, mama mjane. Tangu siku hiyo kila mvua kubwa inapeleka maji ya mtaa mzima kwenye choo chake cha shimo.

Maofisa walizungumzia upana wa barabara na unene wa lami. Nilipouliza kuhusu maji, taa, taka na majitaka, nilijibiwa kwamba hayo yatafuata. Naomba wenye uzoefu mnieleze: mahali ambapo miradi hii imekwisha kufanyika, je, huduma hizo zilifuata kweli? Na sisi wakazi tuulize nini sasa, kabla mchoro haujapigwa muhuri?

Fundi Mifereji alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimefanya kazi kwenye barabara za miji ya kaskazini tangu ulipoanza ule mpango wa miundombinu ya manispaa wa mwaka 2013, ambao kila mtu anaujua kwa jina la USMID. Ulianza na manispaa 14, zikiwemo Arua kwenu, Gulu, Lira, Soroti, Mbale, Jinja na Mbarara, kwa mkopo wa dola milioni 150. Mwaka 2018 ukaongezewa dola milioni 360, manispaa zikafika 22. Aliyeiona Gulu ikitoka vitani, halafu akairudia baada ya lami, njia za miguu na taa za jua, hawezi kusema kwamba fedha zile hazikufanya kitu. Nimewaona kwa macho yangu akina mama wakiuza mihogo ya kukaanga saa tatu usiku chini ya taa, mahali ambapo zamani jua lilipozama kila mtu alikuwa amekwisha kujifungia ndani.

Ila hapo walipokwambia kwamba mengine yatafuata, usikubali. Katika kazi yetu hakuna kinachofuata lami. Vyote vinatangulia, au havitakuja kabisa mpaka lami yenyewe ipasuliwe. Nieleze jinsi ilivyo. Kabla ya kushindilia tabaka la msingi, mkandarasi mwenye maagizo mazuri hulaza mabomba matupu ya plastiki yanayokatisha barabara kutoka upande mmoja hadi mwingine, kila baada ya umbali fulani, na kuyaziba midomo. Hayabebi chochote siku hiyo. Miaka mitatu baadaye, jirani wa ng'ambo akitaka kuvuta maji, au kampuni ikitaka kupitisha waya wa intaneti, unapitishwa mle bila kugusa lami. Gharama yake, ukiilinganisha na ya barabara nzima, ni ndogo sana. Yasipokuwepo, fundi wa maji atakuja na sururu, atakata mtaro wa upana wa koleo, ataufukia kwa udongo ule ule aliouchimba, na mvua ya kwanza itaingia humo. Nimeona barabara mpya ikianza kufa kutokana na mtaro mmoja wa namna hiyo, maji yanaingia chini ya lami, msingi unalainika, kisha magurudumu ya lori yanamalizia kazi.

Kwa hiyo muombe mhandisi akuonyeshe karatasi mbili, si moja. Ya kwanza ni ile mliyoiona. Ya pili ni mchoro wa huduma zilizo chini ya ardhi, unaoonyesha mabomba ya maji yanapita wapi sasa, yatahamishiwa wapi, nani atalipia kuyahamisha, na maji yatakatika kwa siku ngapi. Kama mchoro huo haupo, basi bomba lenu litakatwa tena, kwa sababu mwendesha katapila hawezi kujua kilichopo chini ya udongo.

Kuhusu mfereji, ulizia mwisho wake. Watu wengi huangalia mfereji unapopita mbele ya duka lao, wanauliza kama watawekewa kipande cha zege cha kuvukia, na hilo ni swali zuri kwa sababu wateja wanahitaji kuvuka. Lakini tembea na mchoro mkononi mpaka pale mfereji unapomwaga maji. Ukikuta unaishia kwenye uwanja wa mtu, mradi umehamisha mafuriko tu, haujayaondoa. Ninyi wa Nansana maji yenu yanateremka kwenye bonde la Lubigi, na bonde hilo lina kazi nyingi tayari.

Mama wa Bwaise alijibu:

Mwalimu, naandika kutoka huko huko bondeni anakokutaja kaka fundi. Maji yenu na yetu yanaishia bonde moja.

Nimeishi Bwaise tangu mwaka 1998. Mlango wa nyumba yangu una kizingiti cha matofali kinachofika magotini, na nyumba zote za mstari wetu ziko hivyo. Mgeni anadhani ni mtindo wa ujenzi, kumbe ni kuzuia mafuriko. Baada ya mwaka 2014 ilikuja awamu ya pili ya mradi wa miundombinu ya Kampala, wa dola milioni 175, makutano ya barabara yakajengwa upya, taa za kuongoza magari zikawekwa, na mifereji mikuu ya Lubigi na Nakamiro ikaingizwa katika mpango ili ipanuliwe na kujengewa. Nitasema ukweli kama nilivyouona: mahali mfereji ulipojengwa kwa zege, maji yanapita haraka, na mvua ambayo zamani ingetufanya tulale juu ya meza sasa inapita usiku tukiwa kitandani. Kwa mwenye watoto wadogo hilo ni jambo kubwa sana.

Lakini mfereji wa zege unajaa kama mwingine wowote. Unajaa kaveera, yaani mifuko ya plastiki, na chupa, zinajikusanya mdomoni pa kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, mpaka maji yanarudi nyuma. Jumamosi moja tulizoa taka kwa mikono, vijana wanane na sisi akina mama, tukatoa godoro zima. Hakuna mtu anayetupa godoro mferejini kwa kupenda. Lori la taka haliingii vichochoroni kwetu, na anayechukua taka kwa toroli anataka fedha ambayo si kila nyumba inayo. Agosti 2024 dampo la Kiteezi, ambalo lilikuwa likipokea taka za Kampala tangu mwaka 1996, liliporomokea nyumba za watu na kuua zaidi ya 30. Nilikwenda kuwapa pole jamaa waliofiwa. Kwa hiyo mnaponiambia kuhusu miundombinu, mimi nauliza taka zitakwenda wapi, kwa maana mfereji na dampo ni jambo moja.

Na hapo ndipo barabara inaponipa matumaini. Wengi wetu hatujaunganishwa na bomba la majitaka, tunatumia vyoo vya shimo. Shimo likijaa, tunahitaji gari la kunyonya, na gari hilo likishindwa kufika, wapo wanaofungua shimo usiku wa mvua ili uchafu uondoke na maji. Mtambo wa Lubigi, uliofunguliwa mwaka 2014, unapokea uchafu huo ukiletwa na magari, na ule mkubwa wa Bugolobi unaweza kusafisha mita za ujazo 45,000 kwa siku. Mitambo ipo, basi. Tatizo ni njia ya kutoka chooni kwangu mpaka huko. Mwalimu, mwambie mhandisi wako aache kichochoro kimoja au viwili vyenye upana wa gari la kunyonya. Kwa yule mjane jirani yako, hilo litamsaidia kuliko lami.

Mhasibu Mstaafu, Tororo, alijibu:

Nilikuwa upande wa hazina katika manispaa moja ya mashariki wakati mpango wa 2013 ulipotufikia, nami naomba niongeze jambo ambalo wakazi huwa hawalioni, kwa sababu linafanyika katika makabati ya ofisi.

Fedha zile hazikutolewa kwa kuwa manispaa imo katika orodha. Kila mwaka walikuja wakaguzi kutoka nje, wakatupima. Kwanza kulikuwa na masharti ya kuingilia: mpango wa maendeleo wa miaka mitano uliopitishwa, hesabu zilizokaguliwa, watumishi muhimu kama mhandisi na mpangaji miji wawepo kweli. Kisha tulipewa alama kwa utendaji wenyewe, na kiasi cha fedha za mwaka uliofuata kikategemea alama hizo. Nakumbuka mwaka ambao tulipoteza alama kwa sababu mpango wa matumizi ya ardhi ulikuwa bado rasimu, na madiwani ambao kwa miaka mingi hawakuwahi kuuliza mpango huo uko wapi, siku hiyo walikaa mpaka saa nne usiku wakiujadili kata kwa kata. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Barabara itachakaa, lakini ofisi iliyojifunza kufunga hesabu zake kwa wakati inabaki na ujuzi huo.

Ulikuwepo pia ukumbi wa maendeleo ya manispaa, ambamo wafanyabiashara, vyama vya wakazi, watu wa boda boda na viongozi wa dini walikaa na halmashauri kuchagua barabara ipi ianze. Mwalimu, uliza kama Nansana mnao ukumbi wa namna hiyo na kama unakutana. Uliza pia kamati ya malalamiko ya mradi inakaa wapi na nani ndiye katibu wake. Bomba likikatwa, hutaki kuanza kuuliza siku hiyo.

Sasa nije kwenye fedha za matengenezo, kwa maana hapa ndipo ninapokosa usingizi. Mkopo unajenga, lakini haufagii mfereji wala haubadilishi betri ya taa ya jua inapochoka, na betri hizo huchoka baada ya miaka michache. Kazi hiyo ni ya halmashauri, na halmashauri zetu zina mapato madogo. Kodi ya kichwa, ile tuliyoiita graduated tax, iliondolewa mwaka 2005, na hakuna aliyeililia, kwa sababu watu walikuwa wakikimbizwa vichakani kwa ajili yake. Lakini mwaka huo huo ikaja sheria ya kodi ya majengo, na nyumba anayoishi mwenyewe ikasamehewa. Kilichobaki ni nyumba za kupangisha na za biashara, leseni, ada za masoko na vitu vidogo vidogo. Mtaa ukipata lami, kodi ya vyumba hupanda, wenye nyumba wanafaidi na wapangaji wanabanwa, na manispaa isipohuisha daftari lake la majengo haiambulii chochote katika faida hiyo iliyoizaa yenyewe. Nilipokuwa kazini tulikuwa na daftari la miaka mingi nyuma. Majengo ya ghorofa tatu yalikuwa yameandikwa kama viwanja vitupu. Omba uone bajeti ya mwaka ujao. Tafuta mstari wa matengenezo ya barabara na mifereji. Kama haupo, andikeni barua mkiwa wengi.

Kuhusu ardhi nitasema kwa kifupi, na ulizingatie. Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe kabla mali haijachukuliwa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba serikali haiwezi kuingia kwanza na kulipa baadaye. Kwenu ardhi nyingi ni mailo, yaani ardhi yenye hati ya milele, na wengi ni wenye vibanja, wanaoishi juu ya ardhi ya mwenye hati. Mwenye kibanja naye ana haki yake katika fidia, si mwenye hati peke yake. Upanuzi wa mfereji wa Lubigi ulipofika Kawaala, wakazi walipeleka malalamiko mpaka kwenye jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia, yakaingia katika usuluhishi. Asitie sahihi mtu yeyote karatasi iliyo katika lugha asiyoisoma, na kila mmoja apige picha ya ukuta wake, miti yake na choo chake kabla vigingi havijapigwa.

Mchuuzi wa Mbale alijibu:

Mimi ni mfupi wa maneno. Mji wetu ulipata barabara kwa mpango ule ule, na kwa mpango mwingine wa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika likajengwa soko jipya, sawa na Gulu, Lira, Jinja, Hoima, Fort Portal na Wandegeya. Vyoo vyenye maji, umeme, vizimba vyenye paa. Nilipouza nyanya chini, kwenye matope, niliharibikiwa na debe zima kila mvua iliponyesha, na sasa sivyo.

Ila katika masoko haya ya ghorofa, mwenye bidhaa za kuoza aliyepewa kizimba cha juu yumo matatani, kwa sababu mama mwenye mtoto mgongoni na mkungu wa matoke kichwani hapandi ngazi. Wengine walishuka wakarudi barabarani, wakawa wanafukuzwa kwenye njia za miguu zilizojengwa kwa fedha za mradi mwingine. Wachoraji wangetuuliza nani anauza nini, tungewaambia nyanya, samaki na matoke vikae chini, nguo na viatu vipande juu. Mwalimu, barabara yenu itapita mbele ya wachuuzi wangapi? Wahesabuni, na muwatafutie mahali kwenye mchoro kabla ya kujenga. Hawatahama eti kwa sababu tu mchoro haukuwaonyesha.

Mwalimu wa Nansana alijibu:

Nawashukuru sana, na hasa mama wa Bwaise, ambaye maneno yake nimeyasoma mara mbili. Sikuwahi kufikiri kwamba maji ya mbele ya shule yangu yanaishia bonde lile lile la kizingiti chake.

Jana jioni nilifanya kama alivyonielekeza fundi. Nilichukua wanafunzi wanne wa kidato cha tatu, tukatembea na nakala ya mchoro kutoka shuleni mpaka mwisho wa mfereji. Njiani tulihesabu wachuuzi 43 na makaveera yasiyohesabika. Mfereji kwenye mchoro haumwagi tena kwa jirani yangu mjane, namshukuru Mungu. Unakatisha chini ya barabara na kuteremka bondeni kwenye kalvati la zamani. Tulilipima kwa rula ya darasani: kipenyo chake ni sentimita 60, na nusu yake imejaa mchanga mgumu. Mchoro unaonyesha litabaki hilo hilo. Mkutano na maofisa ni Alhamisi, na mwenyekiti wa LC1 amekubali kamati ya malalamiko iwe ajenda ya kwanza. Fundi, kuhusu hilo kalvati niseme nini?

Fundi Mifereji alijibu:

Mwalimu, mmefanya kazi ambayo mhandisi mshauri analipwa kuifanya. Alhamisi usiwaambie kwamba kalvati ni dogo, kwa sababu watakujibu kwamba wewe si mhandisi. Waombe hesabu ya eneo linalokusanya maji juu ya kalvati hilo, na wakuambie imefanywa kwa kuhesabu paa na viwanja vilivyosakafiwa vya leo au vya zamani, wakati kulikuwa bado na mashamba. Paa za mabati na barabara ya lami havinywi maji kama shamba la migomba, kwa hiyo kalvati lililotosha zamani halitoshi baada ya mradi wenu wenyewe kukamilika. Wakikuta hesabu haipo, mchoro hauwezi kupigwa muhuri. Peleka ile rula, na wale wanafunzi wanne waende nawe.